Shemeji kapiga Windows mara tatu, picha za mama zimekwenda

Anko, shikamoo.

Naandika nikiwa na hasira, nikirukaruka nivumilie. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga Tabata, vyumba viwili ndani ya nyumba yenye wapangaji wanne. Mwaka jana baba watoto alininunulia laptopu Kariakoo, zile za mtumba zinazotoka Ulaya, kwa laki nne na nusu. Muuzaji alisema ni Core i5 kizazi cha sita, RAM GB 4, diski GB 500. Hayo sikuyaelewa, niliangalia tu kioo kisiwe na ufa na vitufe vyote viwe vinabonyea.

Kazi zangu si za kutisha. Ni katibu wa kikoba chetu cha akina mama 23, hisa na mikopo yote naitunza kwenye Excel. Kijana wa jirani akitaka CV ya kuombea kazi namchapia. Usiku watoto wanaangalia katuni za kwenye flashi. Basi.

Lakini ile mashine, Anko! Naiwasha, nabandika maji, nasonga ugali, naepua, nikirudi bado kiduara kinazunguka. Betri haikai na chaji hata dakika moja, kwa hiyo tunatumia umeme wa moja kwa moja. Na umeme wetu ndiyo hivyo tena. Usipokatika mtaa mzima, LUKU inaisha, maana mita ni moja na mpangaji wa chumba cha mbele hachangii mpaka agongewe mlango mara tatu. Umeme ukienda na kompyuta inakwenda, hapohapo, nikiwa katikati ya sentensi.

Mara tatu sasa imezimika hivyo ikagoma kuwaka. Na mara zote tatu fundi ni mmoja, shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, ana meza yake ya kutengeneza simu. Anakuja na flashi, anakaa sebuleni saa mbili, anasema, "Shemeji, hii dawa yake ni kupiga Windows tu." Anapiga, yaani anaiweka upya tangu mwanzo. Hanitozi hela ya ufundi, ila ya soda na nauli, elfu kumi na tano. Inakaa wiki kadhaa ikiwa nyepesi, halafu tunarudi palepale.

Mara mbili za kwanza mafaili yangu yalipona kwa sababu yalikuwa kwenye D, ile sehemu ya diski iliyotengwa na C ya Windows. Mara ya tatu, Jumapili iliyopita, akasema hiyo D inakula nafasi bure, akaiunganisha na C. Mimi nilikuwa jikoni namkaangia samaki yeye mwenyewe. Niliporudi, kweupe.

Anko, mle mlikuwa na picha za mama yangu. Alifariki mwaka juzi. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikazihamishia kwenye kompyuta ili zikae salama. Picha kama mia tatu na video mbili. Kwenye moja amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi huku ananisema kwamba nimekonda, halafu anagundua namrekodi, anacheka, anaficha uso kwa khanga. Ile video ndiyo inayoninyima usingizi.

Daftari la kikoba nalo limekwenda. Kwenye kikao nilipoeleza, mama mmoja akauliza mbele za watu, "Kwani siku hizi na kompyuta inakopa?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Tangu hapo nimeiwasha mara mbili tatu kuanza kuandika upya kwa kutumia vitabu vya wanachama.

Mengine ni madogo. Nikiiunganisha na hotspoti ya simu, bando la GB 2 linakwisha kabla sijafungua barua pepe. Kila mara kuna tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho. Na pale pa kuchezeshea mshale, chini ya vitufe, pameinuka kidogo, nikibonyeza hapabonyei. Shemeji anasema ni vumbi. Kelele za ajabu hakuna, ni feni tu.

Baba watoto anasema tukope kikoba tununue mpya. Kikoba hichohicho! Picha zinarudi au nikubali yaishe? Na shemeji nimwambieje, maana kila Jumapili anakula kwetu?

Shemeji wa Fundi, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikasimama kwenye kile ulichokiita kidogo. Pale pa kuchezeshea mshale pameinuka. Hilo si vumbi. Kwenye laptopu nyingi betri imelala chini ya hapo hasa. Betri ya lithiamu ikichoka hutengeneza gesi ndani yake, gesi haina pa kutokea, basi betri inavimba kama andazi na kusukuma kila kilicho juu yake. Yako haikai na chaji, na juu yake pameinuka. Iweke mashine juu ya meza iliyonyooka uigonge pembe kwa kidole. Ikiyumba kama kigoda kibovu, hata mgongo umeshavimba.

Kwa hiyo kabla ya picha, kabla ya kikoba, kabla ya shemeji: izime na uchomoe chaja ukutani. Betri iliyovimba ikiendelea kuchajiwa inaweza kuwaka moto, na wewe una watoto wanaoangalia katuni usiku. Itolewe. Kama ni ile ya kuchomoka kwa klipu, itoe mwenyewe taratibu. Kama iko ndani, fundi atafungua skrubu za mgongo na kuchomoa waya wake. Asiichokonoe na bisibisi wala asiikandamize irudi bapa. Ikishatoka iwekeni nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, pasipo na jua wala watoto, mpaka mpate fundi au duka linalopokea betri chakavu. Isiende kwenye pipa la taka, na zaidi ya yote isiende kwenye moto wa taka. Najua Jumamosi uani kwetu tunavyochoma kila kitu.

Sasa picha za mama. Hapa kuna sababu ya pili ya kutoiwasha hiyo kompyuta, na hii ndiyo itakayoamua kama ile video unaiona tena.

Diski yako, kwa GB 500 na uzito huo wa kuwaka, karibu hakika ni ya zile za kuzunguka, yenye sahani ndani. Kwenye diski za namna hiyo, kufuta si kufuta. Chukua kitabu cha kikoba, chana ule ukurasa wa mwanzo unaoonyesha nani yuko ukurasa wa ngapi. Ukikifungua utaona kama hakina mpangilio, kumbe kurasa za wanachama zote zimo. Shemeji alipoiunganisha D na C alichana ukurasa huo. Kisha akaandika Windows mpya, na Windows mpya ikakalia baadhi ya kurasa, si zote. Ilivyo kawaida, C hukaa mwanzoni mwa diski na D nyuma yake. Windows ikisakinishwa upya huanza kujaza kule mbele, na yote huchukua makumi machache ya GB kati ya zako 500. Kisakinishi chenyewe hufomati kwa haraka, hakipiti diski nzima kuifuta. Kwa hiyo eneo alilokuwa amekaa mama yako, kwa makisio yangu, sehemu kubwa bado halijaguswa.

Lakini kompyuta sasa inaamini eneo hilo ni tupu. Kila ukiiwasha ikapata hotspoti, inashusha masasisho ya Windows na kuyaweka popote inapoona wazi. Zile GB 2 za bando lako hazikuyeyuka, ziliandikwa kwenye diski. Ndiyo maana nasema usiiwashe hata kuchapa jina. Daftari la kikoba andika kwenye karatasi kwa sasa, au kwenye simu.

(Wenye SSD, diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, wanaosoma hapa wasijifariji. SSD nyingi hupewa taarifa na mfumo kwamba eneo fulani limefutwa na kulisafisha zenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Kwa hili, mwanangu, uzee wa diski yako umekufaa.)

Mtu wa kuzirudisha afanye hivi. Atoe diski kwenye laptopu, aitie kwenye kasha la USB, aichomeke kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Windows ya huko ikiuliza kama aifomati au airekebishe, jibu ni hapana, hata iulize mara kumi. Kisha atumie programu inayoitwa PhotoRec. Ni ya bure, haina ujanja wa kukuonyesha picha halafu kukuomba hela. Yenyewe haitafuti majina ya mafaili, inapita diski nzima ikitambua picha kwa namna zinavyoanza, kama unavyomtambua mtu kwa kikohozi chake gizani. Inachukua saa nyingi, kwa diski ya GB 500 iacheni usiku kucha, mahali penye umeme wa uhakika. Inachookoa kiandikwe kwenye diski nyingine kabisa. Nimeona watu wakiokoa picha na kuzihifadhi juu ya diski ileile, yaani wanamtoa mtu kisimani na kumrudisha.

Majina yote yatapotea, utakuta maelfu ya mafaili yenye namba, yakiwemo mapambo ya Windows na vikatuni vya watoto. Utachambua kama mchele. Kuhusu picha nina matumaini makubwa. Kuhusu video nitakwambia ukweli, matumaini yangu ni kidogo zaidi, kwa sababu faili kubwa mara nyingi huwa limekatwa vipande na kutawanywa, na PhotoRec huunga vizuri kile kilicholala sehemu moja. Na ikiwa diski itaanza kugonga, tak, tak, tak, kwa mpigo usiobadilika, hapo fundi asimame. Huo ni ugonjwa wa sahani na vichwa, ni kazi ya wenye vifaa maalumu. Ulivyosema unasikia feni tu, sidhani tumefika huko.

Kabla hujatoa hata senti, tafuta kwingine. Simu yako ya Android ina programu ya Google Photos. Ifungue, ingia kwa akaunti uliyokuwa unatumia wakati mama yuko hai. Watu wengi huiwasha hifadhi hiyo bila kujua siku waliponunua simu. Nafasi ya bure ni GB 15 inayogawana na barua pepe, kwa hiyo huenda zilipanda baadhi tu zikasimama. Halafu lile kundi la WhatsApp la ukoo. Video ya mama anakuna nazi na kuficha uso kwa khanga, wewe ulivyo, uliibana peke yako? Hukumtumia hata dada yako mmoja? Waombe wafungue folda ya WhatsApp kwenye simu zao. Picha ya WhatsApp hupunguzwa ubora, lakini sauti yake na kicheko chake havipungui sana.

Sasa ugonjwa wenyewe.

Umeandika mwenyewe bila kujua: mara tatu, na mara zote umeme ulikatika kwanza. Kompyuta haitulii hata ukiwa umekaa tu unaitazama, muda wote inaandika vitu vyake kwenye diski. Umeme ukikatika ghafla, vichwa vya diski hujitahidi kurudi pahali pake, vimetengenezwa hivyo, lakini maneno yaliyokuwa nusu njiani yanapotea. Likiwa ni faili la barua yako, utakasirika. Likiwa ni faili la Windows yenyewe, kesho haiwaki. Laptopu nzima haina shida hii kwa sababu betri ni akiba yake: umeme ukienda, inaendelea, unahifadhi kazi, unazima kwa adabu. Yako betri ilishakufa, kwa hiyo ni kompyuta ya mezani iliyovaa nguo za laptopu. Shemeji amekuwa akipiga deki wakati bomba linavuja. Na sakafu kweli inakauka, ndiyo maana inakuwa nyepesi wiki kadhaa, mpaka umeme ukatike tena au takataka zijae tena.

Simcheki. Nilipoanza ufundi nami nilikuwa na CD moja ya Windows mfukoni, na kila mgonjwa aliyeletwa nilimpa dawa hiyo. Nilimfutia mwalimu mmoja mitihani ya kidato cha pili wiki ya kwanza ya mitihani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza yangu, hakusema neno, akawa anakunja na kukunjua risiti yangu. Tangu siku ile siwashi kisakinishi kabla sijamwuliza mwenye mali, "Humu kuna nini ambacho ukikikosa utalia?"

Kuhusu kununua mpya kwa mkopo wa kikoba: hapana, bado. Core i5 ya kizazi cha sita kwa Excel na CV ni nguvu ya kutosha na chenji inabaki. Kinachokuchelewesha mpaka ugali ukaiva ni vitu viwili. RAM, ile meza ambayo kompyuta inatandazia kazi zake, GB 4 ni ndogo kwa Windows ya leo; ikijaa, kompyuta inaazima nafasi kwenye diski. Na diski yenyewe ni ya sahani, kwenye laptopu nyingi za umri huo sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinakimbia huku na huko kama konda wa daladala asiye na chenji. Mwenye kompyuta ya namna hii ambayo haina picha za kuokoa anaweza kuthibitisha: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama safu ya diski. Ikikaa asilimia 100 dakika nyingi baada ya kuwasha huku prosesa imepumzika, mchawi ndiye huyo.

Kwa hiyo vitu vya kununua ni SSD ya GB 256, RAM ya kuifikisha GB 8, na betri. Kwa matumizi yako SSD peke yake utaiona tofauti siku ya kwanza, maji yatakuwa bado hayajachemka. Kama fedha haitoshi kwa vyote, anza na SSD na betri, RAM ije mwezi ujao. Uliza bei maduka matatu. Jumla ya vyote ikizidi nusu ya ile laki nne na nusu, simama kwanza, hapo habari ya kununua nyingine tutaizungumza.

Usiende dukani kwa kukariri. Mashine ikishafunguliwa kutoa betri, piga picha kwa simu lebo zote tatu: ya betri, ya RAM na ya diski. Laptopu za kizazi cha sita nyingine zinatumia RAM ya DDR4 na nyingine DDR3L, na hizo haziingiliani, tundu lenyewe linakataa. Betri ndiyo zaidi, namba ikipishana hata herufi moja usiamini "hii ni hiyohiyo, mama." SSD yako itakuwa ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, kama diski uliyoitoa ina umbo hilo. Dai risiti ya EFD na waandike muda wa dhamana nyuma yake, kwa kalamu, na saini. Ukiona flashi au diski ya nje imeandikwa TB 2 na inauzwa kwa bei ya chipsi kuku, iache hapohapo. Hizo zimedanganywa ndani, zinaitikia TB 2 lakini zinabeba GB chache, na zikijaa zinaandika juu ya vya zamani bila kukwambia. Kuna programu ya bure ya kuzipima, H2testw, inaijaza flashi yote na kusoma tena inachokikuta.

Ile diski ya zamani usimpe mtu na usiigeuze ya kuhifadhia katuni. Ifungie kwenye soksi, iweke kabatini, mpaka utakaporidhika kwamba kilichookolewa kimeokolewa.

Windows 10, ndiyo, Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025. Haizimiki, ila matundu ya usalama mapya hayazibwi. Kwa watu wa nyumbani waliweka nyongeza ya viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na unaweza kuipata bila kulipa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yako kwao. Windows 11 mashine yako haimo kwenye orodha, upande wa Intel wanataka kizazi cha nane kuendelea. Wapo watakaokwambia wanaweza kuilazimisha. Wanaweza, lakini mimi kwa mashine ya katibu wa kikoba nisingefanya hivyo. Muda wa nyongeza ukiisha, weka Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, vyote vya bure. Mafaili yako ya Excel yanafunguka humo, utababaika wiki moja kutafuta vitufe kisha utazoea.

Na hiyo Windows ya kwenye flashi ya shemeji, mwulize ilikotoka. Nyingi zinazozunguka mitaani zimeshafunguliwa kufuli, na anayefungua kufuli mara nyingi huzima na mlinzi wa virusi. Isitoshe huenda hamuihitaji. Laptopu nyingi za kampuni za miaka hiyo leseni imeandikwa ndani ya mashine yenyewe. Ukisakinisha Windows iliyoshushwa kwenye tovuti ya Microsoft, ya toleo lilelile, ikipata intaneti inajitambua.

Bando: ukiunganisha hotspoti, fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, washa swichi iliyoandikwa "Metered connection". Hapo Windows inajua huna intaneti ya kumwaga, masasisho mengi makubwa yanasubiri. Lakini ujue pia kila shemeji alipopiga Windows upya, mashine ilianza kushusha masasisho ya miezi yote tangu mwanzo. Elfu kumi na tano ya soda ilikuwa na mkia.

Daftari la kikoba ni faili dogo kuliko picha moja ya simu. Kila kikao kikiisha, kabla hamjanywa chai, litume kwenye WhatsApp ya mwenyekiti na mweka hazina na ujitumie kwa barua pepe. Chapisha na karatasi moja isainiwe. Hapo atakayeuliza kama kompyuta inakopa, mnampa simu asome mwenyewe.

Nabakia na shemeji. Usimtume baba watoto akaseme naye, maneno ya kaka kwa mdogo wake yana deni za tangu utotoni na hili si mojawapo. Mwambie mwenyewe, Jumapili, kabla chakula hakijaletwa. Mwambie kuhusu video ya nazi, maana nadhani hajui ulipoteza nini. Yeye aliona D, hakumwona mama. Kisha mpe kazi. Anafungua simu kila siku, vidole vyake vinajua skrubu ndogo, kutoa betri na kubadili SSD kwake ni kazi ya nusu saa. Kaa pembeni yake, samaki wasubiri. Na mlipe hela kamili ya ufundi, si ya soda. Fundi wa soda huwezi kumdai, fundi uliyemlipa unaweza kumwuliza, "Ugonjwa ni nini?" kabla hajachomeka flashi. Hata hiyo PhotoRec mwonyeshe barua hii aisome. Akishaokoa picha za mtu mmoja, atapata wateja ambao kupiga Windows hakujawahi kumpatia.

Siku SSD mpya na betri mpya vikiwa vimeingia, umeme ukikatika utaona taa ya chumba imezima na kioo bado kinawaka. Umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka chaja, au mnunue kile kifaa cha kulindia friji, kinachosubiri umeme utulie ndipo kiupitishe.

Mpangaji wa chumba cha mbele asiyechangia LUKU, huyo sina programu yake.

Anko